Sindano Isishike Kutu

Enzi za Wabelgiji, akina mama wa Kongo walifundishwa kushona katika fuaye sosiali. Vita vya 1998 hadi 2003 viliwakimbiza wengi kutoka vijiji vya Shabunda. Walioacha nyumba waliacha na sindano. Tumwambie nini mama atakaye kurudia kudarizi? Asianze na kitambaa cha meza. Achukue kipande kidogo, uzi wa rangi moja, ashone mstari mmoja kila siku kabla jua halijatua. Mishono ya kwanza ikipinda, asiifumue. Baadaye ailinganishe na ya leo, naye atafurahi. Wanawake wa Wakuba, huko Kasai, hudarizi rafia mshono kwa mshono, na kitambaa kimoja huweza kuchukua miezi mingi. Haba na haba hujaza kibaba.