Mita ya Umeme Inapokataa Namba

(Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima. Mwalimu wa darasa awe na ubao, chaki, na risiti moja ya umeme ikiwezekana.)

Ninyi mlio Busi, na ninyi wa Haubi na Kolo, na wote mlioketi mbele ya redio jioni hii, karibuni katika somo letu. Wekeni daftari na kalamu karibu, ila msiandike bado. Kwanza sikilizeni.

Leo tutazungumza juu ya mita ya umeme. Wengi wenu mnaijua mita ya LUKU. Neno hili ni ufupisho wa maneno manne: Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Unalipa fedha kwanza, unapewa namba, unaiingiza namba katika mita, taa inawaka. Lakini iko siku mtu amekwisha kulipa, ameingiza namba, na mita inakataa. Nyumba imekuwa giza, mtoto hawezi kusoma, simu haina chaji, na fedha zimekwenda. Afanye nini?

Wengine hukimbilia kununua umeme tena. Wengine humwita kijana wa mtaani aje aifungue mita. Yote mawili ni hasara. Mwenye kujua sababu ya ugonjwa hupata dawa yake upesi. Basi na tutafute sababu.

KARANI ALIYE NDANI YA MITA

Mita ya LUKU tuifananishe na karani mwenye daftari na kufuli. Kila namba unayonunua ina tarakimu 20. Ndani ya tarakimu hizo yamefichwa mambo mawili makubwa: uniti ngapi umenunua, na saa ambayo namba ile ilitengenezwa. Tena namba imefungwa kwa ufunguo wa siri, na ufunguo huo ni wa mita yako peke yake. Ndiyo sababu namba ya jirani haifanyi kazi kwako.

Kwa nini karani ataka kujua saa? Ni kwa sababu ya kuzuia udanganyifu. Anaandika katika daftari lake namba zilizokwisha kuingizwa. Ukimletea namba iliyotumika, anaikataa. Ukimletea namba iliyo ya zamani kuliko zote alizoziweka katika daftari, anaikataa pia.

Sasa sikilizeni jinsi saa hiyo inavyohesabiwa. Haiandikwi kama tunavyoandika sisi, mwezi na tarehe. Zinahesabiwa dakika tangu tarehe 1 Januari 1993. Mpango huu ulianzia Afrika ya Kusini, na baadaye mita za nchi nyingi zikaufuata, pamoja na zetu. Nafasi iliyowekwa kwa hesabu hiyo ina mwisho wake. Inatosha dakika 16,777,216 tu.

Je, hizo ni siku ngapi? Siku moja ina dakika 1,440. Ukigawanya utapata siku 11,650 na zaidi kidogo, yaani miaka 31 na karibu miezi 11. Hesabu toka mwanzo wa mwaka 1993 na utafika tarehe 24 Novemba 2024. Siku hiyo nafasi ilijaa.

Mmepata kuona gari la zamani, lenye kihesabu kilometa cha tarakimu tano. Likifika 99,999, kilometa inayofuata kihesabu chaonyesha sufuri tupu. Mtu asiyejua atadhani gari ni jipya. Mita nayo ingekuwa vivyo hivyo. Namba iliyonunuliwa baada ya tarehe ile ingeonekana kwa karani kuwa ni ya zamani sana, naye angeikataa, hata kama fedha zimelipwa.

UFUNGUO MPYA

Dawa ilikuwa kubadili ufunguo wa kila mita na kumpa karani daftari safi. Hesabu mpya ya dakika ilianzishwa kutoka tarehe 1 Januari 2014, na itatosha mpaka Novemba 2045. Kazi hiyo TANESCO waliifanya katika mwaka 2024. Kenya na Uganda walifanya kazi kama hiyo kwa mita zao, maana mita zao zinafuata mpango ule ule.

Mteja hakuhitaji fundi. Aliponunua umeme alipewa makundi matatu ya tarakimu, kila kundi tarakimu 20. Kundi la kwanza na la pili yalikuwa ya kubadili ufunguo. Kundi la tatu ndilo lililokuwa na umeme wenyewe. Wala hakulipishwa kitu kwa kazi hiyo.

Hapo ndipo wengi walipokwama. Mtu aliingiza kundi la kwanza, akaona uniti haziongezeki, akafikiri mita imeharibika. Mwingine aliona namba tatu katika simu, akaingiza ile ya mwisho peke yake, na mita ikakataa. Mita zilikuwa nzima kabisa. Makundi mawili ya mwanzo hayaongezi hata uniti moja. Kazi yake ni ufunguo tu.

Utasema, hayo yamepita. Kwa nyumba nyingi, ndiyo. Lakini tuseme mzee mmoja alifunga nyumba yake Busi katika mwaka 2023, akaenda kukaa na wanawe Dar es Salaam. Akirudi leo na kununua umeme, mita yake bado ina ufunguo wa zamani. Au tuseme mwanawe alinunua umeme kwa simu, akamtumia baba kundi moja tu, mengine akayafuta. Mzee huyu atakaa gizani mpaka apate makundi yote matatu.

HATUA ZA KUFUATA

Sasa shikeni kalamu. Mita ikikataa namba, au ikinyamaza kabisa, fuata hatua hizi moja baada ya moja.

Hatua ya kwanza. Tazama nje. Kama nyumba za jirani nazo ni giza, umeme umekatika njiani. Mita yako haina kosa. Ngoja.

Hatua ya pili. Tazama rimoti, yaani kile kifaa chenye vibonyezo cha kuingizia namba. Iko rimoti inayotumia betri; betri zikifa, haionyeshi kitu. Weka betri mpya. Iko nyingine inayochomekwa katika soketi, nayo huzungumza na mita kwa kupitia waya za umeme. Hiyo ichomeke katika soketi ya nyumba yako mwenyewe, wala si ya jirani. Ikinyamaza, jaribu soketi nyingine.

Hatua ya tatu. Linganisha namba ya mita. Mita nyingi zina namba ya tarakimu 11 iliyoandikwa juu yake. Risiti nayo, au ujumbe wa simu, ina namba ya mita. Soma zote mbili, tarakimu kwa tarakimu. Zikitofautiana hata kwa tarakimu moja, umeme umenunuliwa kwa mita ya mtu mwingine. Kosa hili huwapata sana wapangaji.

Hatua ya nne. Hesabu tarakimu za umeme. Lazima ziwe 20, hazizidi wala hazipungui. Zigawe nne nne, upate mafungu matano. Kwa mfano, na huu ni mfano wa kujifunzia tu:

4071 2265 9038 1174 6650

Soma fungu moja, bonyeza. Soma fungu la pili, bonyeza. Kama wakala amekuandikia kwa mkono, angalia sana 1 na 7, na 3 na 8, maana hufanana. Ukimaliza, bonyeza kitufe cha kukubali. Katika rimoti nyingine ni alama ya reli, #. Katika nyingine ni mshale.

Hatua ya tano. Angalia kama ujumbe una kundi moja au makundi matatu. Ukikuta matatu, ingiza la kwanza, ukubali. La pili, ukubali. Kisha la tatu. Usiruke. Baada ya kila kundi, ngoja mita ijibu.

Hatua ya sita. Soma jibu la mita. Mita nyingi hujibu kwa Kiingereza. Neno USED maana yake namba imekwisha kutumika. Basi tazama kama uniti zako zimeongezeka, huenda mwenzako nyumbani ameingiza mapema. Neno OLD maana yake mita inaiona namba kuwa ya zamani. Neno REJECT maana yake mita imekataa. Rudia hatua ya tatu na ya nne. Lakini usibonyeze ovyo mara nyingi, kwa kuwa ziko mita ambazo hujifunga kwa muda zikipewa namba za makosa mfululizo.

Hatua ya saba. Ikiwa yote umefanya na mita bado inakataa, usinunue umeme mwingine. Ukiongeza fedha, ufunguo haubadiliki. Piga simu TANESCO, namba 180, au nenda ofisi ya wilaya mjini Kondoa. Chukua risiti na namba ya mita. Sema hivi: "Mita yangu inakataa namba, naomba mtazame kama ufunguo wake umebadilishwa." Kama makundi ya ufunguo yamekupotea, waombe wakupe tena. Na kama unayo namba uliyoinunua kabla ufunguo haujabadilishwa, ambayo hukuiingiza, ichukue pia. Mita haitaipokea tena, lakini risiti ni ushahidi wa fedha yako.

MAMBO YA KUJIHADHARI NAYO

Usimruhusu mtu yeyote kukata lakiri ya mita au kuunga waya kupita kando ya mita. Umeme unaua, na kuiba umeme ni kosa la jinai. Mtu akija kwako akitaka fedha mkononi ili "akubadilishie ufunguo," mwulize kitambulisho cha kazi, kisha piga 180 ulize habari zake kabla hujampa hata senti moja.

Tena, usichanganye mita iliyokataa na uniti zilizopungua. Kama mita imekubali namba lakini uniti ni chache kuliko ulivyotazamia, soma risiti yako mstari kwa mstari. Humo mna kodi, na tangu mwaka 2021 kodi ya jengo nayo hukatwa hapo hapo.

Ndugu zangu, katika hatua zote saba hakuna hata moja inayotaka fundi kuanza nayo. Zote zinataka mtu anayeweza kusoma tarakimu na kuzilinganisha. Asiyejua kusoma atampa mwingine simu yake, na pengine fedha zake. Ninyi mnajua kusoma tarakimu. Nyumba ya jirani yako ikipata shida hii, nenda ukamsomee. Kisha mfundishe naye asome mwenyewe.

MASWALI YA DARASA

1. Neno LUKU ni ufupisho wa maneno gani?
2. Makundi matatu ya tarakimu 20 ni tarakimu ngapi kwa jumla?
3. Siku moja ina saa 24, na saa moja ina dakika 60. Onyesha ubaoni jinsi tulivyopata dakika 1,440.
4. Kwa nini kundi la kwanza na la pili hayaongezi uniti?
5. Namba ya mita katika risiti ni tofauti na iliyo juu ya mita yako. Limetokea kosa gani?
6. Kazi ya nyumbani: andika katika daftari namba ya mita ya nyumba yako, na namba ya TANESCO, 180. Watu wote wa nyumbani waonyeshwe ukurasa huo.

Somo la leo limekwisha. Mwalimu wa darasa atawasaidia kwa maswali. Kwaherini, na usiku mwema.