Wimbo Uliobaki: Lugha kama Hati ya Ukoo

Methali yetu yasema, "Mwacha asili ni mtumwa." Kwa desturi hutumiwa kumwonya mtu anayedharau lugha na mila za wazee wake. Lakini methali hiyo yachukulia kwamba asili huachwa kwa hiari. Wako watu waliofanywa watumwa kwanza, kisha wakanyang'anywa asili yao kwa nguvu: majina, lugha, na hata habari za mahali walikotoka. Habari za wazao wa watu wa namna hiyo zimo katika sinema ya mambo ya kweli iitwayo The Language You Cry In, iliyotengenezwa na Alvaro Toepke na Angel Serrano mwaka 1998. Nia ya makala haya ni kueleza jinsi uchunguzi wa lugha ulivyounganisha kamba iliyokatwa na utumwa, na pia mahali ambapo uwezo wa uchunguzi huo hukoma.

Wagullah ni wazao wa Waafrika waliopelekwa kulima mpunga katika pwani na visiwa vya South Carolina na Georgia, huko Marekani. Wenye mashamba walipendelea kununua watu wa Afrika Magharibi waliokijua kilimo hicho, na wengi wao walipitishwa katika ngome ya kisiwa cha Bunce, Sierra Leone. Kwa kuwa Wagullah walikaa pamoja kwa wingi, mbali na Wazungu, lugha yao ilihifadhi mengi ya Kiafrika, ingawa sehemu kubwa ya maneno yake ni ya Kiingereza. Hata hivyo, kwa muda mrefu wataalamu walishikilia kwamba ni Kiingereza kilichoharibika tu. Dharau hiyo nayo ilikuwa masalio ya utumwa: mtu alinyimwa lugha ya wazazi wake, kisha akachekwa kwa ile aliyojiundia.

Aliyeivunja hoja hiyo ni Lorenzo Dow Turner, mtaalamu wa lugha, naye Mmarekani Mweusi. Alianza kunasa sauti za wazee wa Kigullah katika mwaka 1932 na 1933, na baadaye alikwenda London kujifunza lugha za Kiafrika. Kitabu chake, Africanisms in the Gullah Dialect, kilichotoka mwaka 1949, kilionyesha maelfu ya maneno na majina yenye asili ya Kiafrika. Baadhi yake yatoka katika lugha zilizo jamaa za Kiswahili, kama Kikongo na Kimbundu. Neno "goober", lenye maana ya karanga katika Kiingereza cha kusini mwa Marekani, latokana na "nguba".

Katika kijiji cha Harris Neck, Georgia, Turner alimrekodi Amelia Dawley akiimba wimbo mfupi aliorithi kwa wazee wake, ambao maana yake hakuijua. Msomi kutoka Sierra Leone aliyekuwa akisoma Marekani aliutambua kuwa ni Kimende. Baada ya zaidi ya miaka 50, Joseph Opala, Cynthia Schmidt na Tazieff Koroma waliendelea na uchunguzi huo. Koroma, mwenyewe msemaji wa Kimende, alibaini katika wimbo neno la lahaja ya sehemu moja tu ya nchi. Schmidt aliifuata lahaja hiyo mpaka kijiji cha Senehun Ngola, na huko akamkuta mwanamke aitwaye Bendu Jabati, ambaye naye aliujua wimbo ulio karibu sawa na ule. Kwao ulikuwa wimbo wa maziko. Huko Georgia ulikuwa umegeuka kuwa mchezo wa watoto. Mwaka 1997 Mary Moran, binti yake Amelia Dawley, alikwenda Senehun Ngola na kupokewa kama jamaa.

Kwa mtaalamu wa lugha, habari hii ina mafunzo mawili. La kwanza, sauti yaweza kuishi baada ya maana kufa, hasa ikiwa imefungwa katika wimbo ambao mama humfundisha binti. La pili ni la tahadhari. Kulingana kwa wimbo na lahaja huonyesha mahali maneno yalikotoka. Hakuthibitishi kwamba mwimbaji ni mzao wa kijiji kile hasa, kwa maana nyimbo husafiri kutoka mtu hadi mtu. Mtazamaji wa sinema yafaa azitenge hoja hizi mbili. Wala wimbo haurudishi kila kilichopotea: mwaka 1942 serikali ya Marekani iliwaondoa watu wa Harris Neck katika ardhi yao ili kujenga kiwanja cha ndege, na ardhi hiyo haikurudishwa kwao.

Jambo hili si geni kwetu pia. Katika bonde la mto Juba, Somalia, wako watu wasemao Kizigula, ambao wazee wao walichukuliwa utumwani katika karne ya 19 kutoka bara ya Tanga. Vita vilivyozuka mwaka 1991 vilipowatawanya, baadhi yao walikimbilia Tanzania, na waliweza kusikizana na Wazigua wa Handeni. Hawakuwa na hati yoyote ya ukoo ila lugha yao.

Basi tunapokusanya nyimbo na maneno ya wazee, tujihadhari na desturi ya kuandika kando ya neno kwamba halina maana. Huenda neno hilo lina maana mahali ambapo sisi hatujafika kuuliza. Amelia Dawley hakuwa na tafsiri ya kumpa Turner. Turner aliandika vilevile alivyosikia, sauti kwa sauti, na kwa sababu hiyo binti yake alipata pa kwenda.