Ukuta Mmoja Hautoshi

Msafiri atokaye Kitale kwenda Bungoma, afikapo Webuye, hukiona kilima cha Chetambe, ambako mwaka 1895 Wabukusu walijihami ndani ya ngome yao dhidi ya jeshi lililoongozwa na Waingereza. Ushujaa haukuwapungukia, lakini ukuta ulipopitwa, kila aliyekuwa ndani akawa mikononi mwa adui.

Ofisi nyingi za zama zetu zingali zikilindwa kwa namna hiyo. Tuchukue mfano wa chama cha ushirika cha wakulima wa mahindi mjini Kitale: chini ya meza ipo seva ya tovuti, ambayo mtu yeyote duniani ana ruhusa ya kuibishia hodi, na waya wake umechomekwa katika swichi ile ile ya kompyuta ya mhasibu, yenye majina ya wanachama, nambari za vitambulisho vyao na hesabu ya kila gunia walilouza. Mdukuzi akipata kasoro moja katika programu ya tovuti, amekwisha kuingia nyumba nzima.

Dawa yake ni kuugawa mtandao. Seva ya tovuti huhamishiwa eneo la kati, ambalo mafundi huliita DMZ, jina lililoazimwa kwa ukanda usio na majeshi uliowekwa baina ya Korea mbili mwaka 1953. Na faiawoli husimama kama bawabu. Mgeni atokaye intaneti huifikia seva hiyo tu, aghalabu kwa mlango nambari 443. Mfanyakazi aliye ndani huweza kuifikia ili aihudumie. Lakini seva yenyewe haina idhini ya kuanza mazungumzo na kompyuta ya mhasibu, na lolote lisilotajwa katika kanuni ni marufuku. Ikibidi mwanachama aone salio lake, hufunguliwa ujia mmoja mwembamba uelekeao hifadhidata moja, basi.

Mgawanyo huu hauzuii tovuti kulemewa kwa msongamano wa maombi ya hila, kama ilivyolemewa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, mwezi Julai 2023. Kazi yake ni kuzuia msiba wa barazani usifike chumbani. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 humpa mwenye ofisi saa 72 za kumwarifu Kamishna wa Data, taarifa za watu zikivuja na kuwatia hatarini. Siku hiyo ikifika, aliyeugawa mtandao wake huenda akapoteza matangazo ya bei ya mahindi. Asiyeugawa atakuwa amepoteza amana za watu waliomletea mavuno yao kwa kumwamini.