Zebaki ni Sumu: Tusingojee Yaliyowapata Wenzetu wa Minamata

Siku moja mama mmoja alikuja katika zahanati ninayofanyia kazi. Alisema mikono yake inatetemeka, usiku hapati usingizi, na fizi zimevimba. Nilimpima malaria. Hakuwa nayo. Nikampa dawa ya kutuliza maumivu, akaenda nyumbani.

Baada ya wiki mbili mama huyo akarudi. Mikono ilitetemeka zaidi. Hata kikombe cha maji kilimshinda kukishika. Safari hii nilimwuliza swali ambalo nilipaswa kumwuliza mara ya kwanza. Nilisema: "Mama, nyumbani mnafanya kazi gani?" Akanijibu: "Mume wangu anachenjua dhahabu. Mimi ndiye ninayeichoma, pale jikoni."

Hapo nikafahamu. Nilimwambia aache kuchoma dhahabu siku ile ile. Kisha nikamwandikia barua ya kwenda hospitali ya wilaya.

Mimi nilichelewa wiki mbili kwa sababu sikuuliza. Leo nataka kukueleza habari za mji mmoja uliochelewa miaka 12. Ukisoma habari hizo, utaona jambo la kufanya katika kijiji chako.

ZEBAKI NI NINI?

Zebaki ni madini ya majimaji. Inang'aa kama fedha. Ni nzito sana. Chupa ya soda ya mililita 300 ikijazwa zebaki, uzito wake ni kama kilo 4.

Wachimbaji wadogo wa dhahabu huitumia katika kazi yao. Mawe husagwa kwenye karasha. Mchanga wake huoshwa kwenye mwalo. Kisha zebaki humiminwa ndani ya karai na kuchanganywa na mchanga huo. Zebaki hushikana na dhahabu, vikawa donge moja. Donge hilo huchomwa motoni. Zebaki hugeuka mvuke na kuondoka. Dhahabu hubaki.

Kazi hii inalisha watu wengi katika mikoa ya Geita, Shinyanga, Mara, Mbeya na kwingineko. Siandiki ili kuwalaumu wachimbaji. Wengi wao ni ndugu zetu. Naandika kwa sababu zebaki iliyoondoka motoni haikuteketea. Imekwenda mahali. Je, imekwenda wapi?

NJIA MBILI ZA SUMU HII

Njia ya kwanza ni pumzi. Mvuke wa zebaki hauonekani, wala haunuki. Anayechoma huuvuta. Mtoto aliyebebwa mgongoni huuvuta. Mvuke huingia katika mapafu, kisha katika damu, kisha katika ubongo na figo. Mvuke mwingine hushika ukuta, paa, nguo na sufuria.

Njia ya pili ni maji. Zebaki iliyomwagika mwaloni huchukuliwa na mvua mpaka mtoni au ziwani. Huko huzama katika tope. Vijidudu vya topeni huigeuza kuwa zebaki ya namna nyingine, iliyo kali zaidi. Wadudu wa majini huila pamoja na tope. Samaki wadogo hula wadudu. Samaki wakubwa hula samaki wadogo. Kila hatua sumu huongezeka. Mwisho wa safari hiyo ni sahani yetu.

Tumezoea kuambiwa tuchemshe maji ili tuue vijidudu vya ugonjwa. Hilo ni jambo jema, tuendelee nalo. Lakini zebaki haina uhai, hivyo haifi kwa moto. Kuchemsha maji hakuiondoi. Kukaanga samaki hakuiondoi. Sumu hii imo ndani ya nyama yenyewe ya samaki.

YALIYOTOKEA MINAMATA

Minamata ni mji mdogo wa pwani, kusini mwa nchi ya Japani. Wenyeji wengi walikuwa wavuvi. Hapo palikuwa na kiwanda kikubwa cha kemikali cha kampuni ya Chisso. Kiwanda kilileta kazi, maduka na kodi. Watu walikipenda. Tangu mwaka 1932 kiwanda hicho kilitumia zebaki katika kutengeneza kemikali fulani. Maji machafu yalimwagwa katika ghuba ambamo wavuvi walitega nyavu zao.

Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Na Minamata mawingu yalionekana mapema. Samaki walielea wamekufa. Ndege walianguka kutoka angani. Paka waliokula samaki walianza kuyumba na kuzunguka kama wanaocheza ngoma. Wengine walitumbukia baharini wakafa. Watu waliuita ugonjwa wa paka kucheza. Hakuna aliyejua sababu.

Mwaka 1956 zamu ya binadamu ikafika. Mtoto wa kike wa miaka mitano hivi aliletwa hospitali ya kiwanda. Hakuweza kutembea wala kusema vizuri. Kisha ikajulikana kwamba wapo wengine kama yeye. Tarehe 1 Mei mwaka huo, mkuu wa hospitali hiyo, Daktari Hajime Hosokawa, alitoa taarifa kwa idara ya afya. Alisema ugonjwa usiojulikana umeingia.

Wagonjwa walikufa ganzi mikono na midomo. Macho yao yaliona mbele tu, pembeni hayakuona. Wengine walipoteza fahamu na kufa. Kina mama ambao wenyewe walionekana wazima walizaa watoto wenye viungo vilivyopinda na akili iliyodhoofika. Sumu ilipita katika kondo la nyuma, ikamfikia mtoto tumboni.

MAKOSA MANNE YALIYOONGEZA MADHARA

Kosa la kwanza lilikuwa kuwatenga wagonjwa. Majirani walidhani ugonjwa unaambukiza. Walikataa kuwatembelea. Kwa hiyo familia nyingi ziliwaficha wagonjwa wao. Ugonjwa uliofichwa hauwezi kuhesabiwa, wala kutafutiwa dawa.

Kosa la pili lilikuwa kuficha ukweli. Mwaka 1959 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walisema sababu ni zebaki. Mwaka huo huo Daktari Hosokawa alimlisha paka chakula kilichochanganywa na maji machafu ya kiwanda. Paka akaugua ugonjwa ule ule. Wakuu wa kampuni walimzuia asiendelee, na habari hiyo haikutangazwa.

Kosa la tatu lilikuwa kutuliza watu kwa maonyesho. Kampuni ilijenga mtambo wa kusafisha maji, ikafanya sherehe. Kumbe mtambo ule haukuwa na uwezo wa kuondoa zebaki iliyoyeyuka majini. Wagonjwa walipewa fedha kidogo za pole. Mkataba wao ulisema hawatadai zaidi, hata ikija kujulikana kwamba kiwanda ndicho chenye kosa.

Kosa la nne lilikuwa kutokuziba chanzo. Mwaka 1958 kampuni ilihamisha tu mahali pa kumwagia maji machafu. Sumu ikaenea pwani pana zaidi. Mwaka 1965 ugonjwa ule ule ukazuka mkoa wa Niigata, mbali sana na Minamata, kando ya mto wenye kiwanda cha kampuni nyingine. Ndipo, mwaka 1968, kiwanda cha Minamata kiliacha kutumia zebaki kwa kazi ile, na serikali ikakiri kwamba kiwanda ndicho kilichosababisha ugonjwa. Miaka 12 ilikuwa imepita.

Watu zaidi ya 2,200 walithibitishwa na serikali kuwa ni wagonjwa wa Minamata. Wengine maelfu walilipwa baadaye kwa taratibu nyingine.

WALIVYOJISAIDIA

Wagonjwa hawakukaa kimya daima. Mwaka 1969 baadhi yao waliipeleka kampuni mahakamani. Daktari Hosokawa, akiwa mgonjwa kitandani, alitoa ushahidi mwaka 1970 juu ya yule paka. Alikufa mwaka huo huo. Mwaka 1973 mahakama iliamua kwamba kampuni ina kosa, nayo ikaamriwa kulipa.

Ghuba ikazungushiwa wavu mkubwa ili samaki wenye sumu wasitoke. Tope la sumu likazolewa na kufukiwa. Kazi ya kuzoa na kufukia ilichukua zaidi ya miaka 10. Wavu uliondolewa mwaka 1997, samaki walipopimwa na kuonekana salama.

Fikiri, ndugu msomaji. Ni rahisi kuzuia zebaki isiingie majini. Ni kazi ya miaka mingi kuitoa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mwaka 2013 nchi nyingi zilikubaliana kupunguza matumizi ya zebaki duniani. Mkataba wao uliitwa Mkataba wa Minamata, kwa heshima ya wale walioteseka. Ulianza kutumika mwaka 2017. Tanzania ni mojawapo ya nchi zilizouridhia.

SISI TUFANYE NINI?

Dhahabu yetu si kiwanda cha Chisso, na kila kijiji kina hali yake. Lakini makosa manne niliyoyataja yanaweza kufanywa popote. Tuyakwepe hivi:

1. Tuamini dalili za kwanza. Ukiona mtetemeko wa mikono, ganzi mdomoni na vidoleni, fizi kuvimba, kusahau sana, hasira zisizo na sababu, au mwendo wa kuyumba, nenda zahanati. Mweleze mganga kazi unayofanya, hata asipokuuliza. Dalili hizi zinaweza kuletwa na magonjwa mengine pia, kwa hiyo lazima mtu apimwe.

2. Tusiwatenge wagonjwa. Ugonjwa wa zebaki hauambukizi, wala si uchawi. Mgonjwa akifichwa ndani, sisi sote tunakosa onyo.

3. Tuzibe chanzo kwanza. Dawa haina faida kubwa kwa mtu anayerudi jioni kuvuta mvuke ule ule.

• Usichome dhahabu jikoni wala ndani ya nyumba. Choma mahali pa wazi, mbali na makazi, ukisimama upande unakotoka upepo.
• Tumia chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba, ambacho wachimbaji hukiita ritoti. Mvuke hupita bombani, hupoa, hurudi kuwa zebaki. Unaikinga na kuitumia tena. Afya inalindwa, na fedha ya kununulia zebaki nyingine inabaki mfukoni.
• Usimimine zebaki ndani ya karasha. Itumie kwa mchanga kidogo uliokwisha kuoshwa.
• Mama mjamzito, mama anayenyonyesha na watoto wasiguse kazi hii kabisa.
• Sufuria au kikaango kilichochomea dhahabu kisipikiwe chakula tena.
• Nguo za kazi zisifuliwe pamoja na nguo za watoto.
• Mwalo usiwe kando ya mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka mto au ziwa. Maji ya mwalo yaingie katika shimo lililosakafiwa.
• Marudio yenye zebaki yasipelekwe kuchenjuliwa kwa sayanaidi. Sayanaidi huyeyusha zebaki na kuisambaza mbali.

4. Tusiache kula samaki kwa hofu. Samaki ni chakula bora, hasa kwa watoto. Lakini kama mto wako unapokea maji ya mialo, kula zaidi dagaa na samaki wadogo kuliko samaki wakubwa wanaokula wenzao.

5. Tuseme wazi katika mkutano wa kijiji. Mwenye karasha, mwenye mwalo, mvuvi, mama anayeteka maji, na mganga, wote wakae pamoja. Waamue mahali pamoja pa kuchomea. Wachangie ritoti moja ya kikundi. Wamwombe Afisa Afya apeleke maji yakapimwe, na majibu yakija yasomwe mbele ya wote, yawe mazuri au mabaya.

Je, jambo hili linawezekana? Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi wa Tanzania wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi. Walisikiliza redio, wakasoma, wakajadili. Kisha wakachimba vyoo na kusafisha mazingira. Hawakungoja mtu wa kuwafanyia. Walianza kwa kuelewa, wakaendelea kwa kukubaliana.

Yule mama alirudi kutoka hospitali. Ameacha kuchoma, na sasa analala usiku. Mikono bado inatetemeka kidogo. Juzi alinileta kwa wanawake wenzake sita ili niwaeleze niliyoyaandika hapa. Wawili kati yao waliniambia, kwa sauti ya chini, kwamba hata wao vidole vina ganzi. Hawakuwa wamemwambia mtu.

Ndugu msomaji, kama na wewe unayo dalili unayoificha, njoo useme.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KISOMO

1. Zebaki huingia mwilini kwa njia gani mbili?
2. Kwa nini kuchemsha maji hakuondoi zebaki?
3. Watu wa Minamata waliona dalili gani kabla ya binadamu kuugua?
4. Katika kijiji chetu, dhahabu huchomwa wapi? Nani huwa karibu wakati huo?
5. Tutapeleka jambo gani katika mkutano ujao wa kijiji, na nani atasimama kulieleza?