Dawa za Kuchochea Upumuaji: Je, Zinatibu Mapafu?

Mtahiniwa, wengi hukariri kwamba tunapumua kwa sababu tu mwili unahitaji oksijeni. Jibu hilo halijakamilika. Kwa mtu mwenye afya, kasi ya kupumua huongozwa zaidi na kabonidayoksaidi.

1. Udhibiti wa upumuaji
Kabonidayoksaidi ikizidi katika damu huungana na maji na kuunda asidi ya kaboni. Asidi hiyo huchochea medula oblongata iliyo chini ya ubongo. Medula hupeleka taarifa kwenye kiwambo na misuli ya mbavu, nasi tunapumua haraka na kwa kina. Vipokezi vilivyo katika ateri za shingo hutambua pia upungufu wa oksijeni.

2. Mapafu yenye ugonjwa sugu
Moshi wa sigara au kuni, ukivutwa miaka mingi, hufanya njia za hewa ziwe nyembamba na kuharibu kuta za vifuko vya hewa. Kabonidayoksaidi hushindwa kutoka vizuri. Ikirundikana sana mgonjwa husinzia, huchanganyikiwa, na anaweza kufa.

3. Kazi ya dawa
(a) Doksapramu hudungwa kwenye vena. Huchochea vipokezi vya shingo na medula ili mgonjwa apumue zaidi.
(b) Asetazolamaidi hufanya figo zitoe bikabonati kwenye mkojo. Damu huongezeka asidi kidogo, na medula huchochewa.

4. Mipaka yake
Dawa hizi hutoa amri tu. Hazipanui njia za hewa wala hazijengi upya vifuko. Misuli iliyochoka ikilazimishwa hutumia oksijeni zaidi na kuzalisha kabonidayoksaidi zaidi. Ni sawa na kumchapa punda aliyechoka bila kumpunguzia mzigo. Ndiyo maana doksapramu hutumika kwa muda mfupi tu, na madaktari hupendelea mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa.

Swali la kujipima
Kwa nini dawa ya kuchochea upumuaji haiponyi ugonjwa sugu wa mapafu? (Alama 2)

Jibu
Huchochea vipokezi na medula ili misuli ifanye kazi zaidi (alama 1), lakini njia za hewa hubaki nyembamba na vifuko hubaki vimeharibika (alama 1).

Tahadhari: Ukiandika "dawa huongeza oksijeni" bila kueleza namna, utapoteza alama.