Mlio wa 'ka-ka-ka' gurudumu la mbele: Raba ndogo inavyokula faida ya safari ya mpakani

Na Mwandishi Wetu, Kampala

MFANYABIASHARA anayetoka Kampala na gari la fowili kuelekea Elegu, Mpondwe au Mutukula hukagua tairi, hupima oili na maji, huhesabu mzigo mara mbili, kisha huondoka. Ni wachache wanaoinama kutazama upande wa ndani wa magurudumu ya mbele. Huko ndiko iliko jointi ya CV, kifaa kinachokaribia ukubwa wa ngumi, ambacho kikivunjika njiani huvuruga safari nzima, na vipande vyake vikikwama vibaya vinaweza kufunga usukani gari likiwa kwenye kona.

Habari njema ni kwamba jointi hiyo haifi ghafla. Hutoa taarifa mapema, tena kwa sauti. Tatizo ni kwamba wenye magari wengi hawaijui sauti hiyo, na baadhi ya mafundi huisikia wakaitafsiri vibaya kwa gharama ya mteja.

Kazi ya jointi ya CV ni kupeleka nguvu kutoka difu hadi kwenye gurudumu ambalo wakati huohuo linageuka kushoto na kulia na kupanda na kushuka. Krosi za kawaida, kama zile za propela shafti, zina kasoro moja: zikikunjwa, mwendo wa upande wa pili hauwi sawasawa, huongezeka na kupungua ndani ya kila mzunguko. Kwenye gurudumu linalokata kona, kasoro hiyo ingetingisha usukani. Mhandisi Alfred Rzeppa wa kampuni ya Ford alilipatia ufumbuzi tatizo hilo katika miaka ya 1920 kwa kutumia gololi sita zinazotembea ndani ya mifereji, moja kwa kila mfereji, kati ya kikombe cha nje na kitovu cha ndani. Gari dogo la Mini, lililotoka Uingereza mwaka 1959, ndilo lililoifanya jointi ya aina hiyo kuwa kitu cha kawaida kwenye magari ya watu wa kipato cha wastani. Karibu miaka 100 baadaye, gololi ni zilezile sita kwenye magari mengi yanayopita Entebbe Road.

Gololi hizo zinaishi kwa grisi, na grisi inaishi kwa raba. Raba yenye mikunjo kama ya akodiani, ambayo mafundi wengi huiita buti, hufungwa juu ya jointi kuzuia grisi isitoke na uchafu usiingie. Ikichanika, gurudumu likizunguka hurusha grisi nje, na badala yake huingia vumbi la murram na maji ya madimbwi. Vumbi likichanganyika na grisi kidogo iliyobaki huwa kama msasa. Kuanzia hapo chuma kinasagwa, na hakuna dawa ya kukirudisha.

Umri wa gari una uzito wake

Hapa kuna jambo la kisera ambalo halizungumzwi sana. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Uganda iliweka kikomo chake mwaka 2018, nacho ni miaka 15. Maana yake kwa mnunuzi wa Kampala ni kwamba gari "jipya" aliloagiza kutoka Japani linaweza kuwa limevaa raba zilizozeeka kwa muongo mzima na zaidi, hata kama kilomita zake ni chache na rangi inang'aa. Raba huzeeka kwa miaka, si kwa kilomita peke yake. Hukauka, hutengeneza nyufa ndogo kwenye mikunjo, kisha wiki chache za barabara zetu humaliza kazi.

Kampala nayo ina mchango wake. Mji wa vilima unamlazimisha dereva kukata usukani mpaka mwisho huku akikanyaga mafuta, anapotoka kwenye geti lililo mteremkoni au kugeuza njia nyembamba. Hali hiyo ndiyo inayoielemea jointi kuliko zote, kwa kuwa inabeba nguvu nyingi ikiwa imekunjwa sana. Wanaonyanyua gari kwa springi ndefu ili lionekane la kibabe wajue kwamba wanaikunja jointi muda wote, hata kwenye barabara iliyonyooka. Na wale wanaoingiza fowili kwenye lami kavu wakaendelea kukata kona wanaiumiza bure.

Kuisikiliza

Jointi ya nje, iliyo karibu na gurudumu, ikichoka hutoa mlio wa "ka-ka-ka" unapokata kona huku ukikanyaga mafuta. Mlio huenda na mzunguko wa gurudumu: ukiongeza mwendo unakaribiana, ukipunguza unaachana. Ukinyoosha usukani, mara nyingi unapotea. Jaribio ni rahisi. Tafuta uwanja wa wazi, shusha vioo vyote, zima redio, kata usukani mpaka mwisho na uzunguke taratibu huku ukikanyaga mafuta kidogo. Fanya hivyo pande zote mbili, kisha rudi nyuma usukani ukiwa umekatwa. Jointi iliyonyamaza ikienda mbele huweza kupiga kelele ikirudi nyuma. Mtu asimame nje, kwa umbali wa usalama, akusaidie kusikiliza ni upande gani.

Kwa magari kama Hilux na Land Cruiser za kazi, ambazo fowili yake huingizwa inapohitajika, jaribio hilo lina mtego. Habu za mbele zikiwa zimefunguliwa, shafti za mbele hazizunguki, hivyo jointi mbovu itakaa kimya kabisa. Funga habu, ingiza fowili, na jaribu kwenye murram au nyasi, si kwenye lami. Prado nyingi huvuta magurudumu manne wakati wote, kwa hiyo kwake mtego huo haupo.

Jointi ya ndani, upande wa difu, ina lugha yake. Hailii kwenye kona. Hutingisha gari unapoongeza mwendo kwenye barabara iliyonyooka, au hugonga mara moja "gubu" unapotoa gia ya kwenda mbele ukaweka ya kurudi nyuma.

Mwandishi wa makala haya alilipia somo hili. Gari lake lilianza kulia, fundi mmoja akasema ni beringi ya gurudumu, ikanunuliwa mpya, ikafungwa, na mlio ukaendelea kesho yake asubuhi. Fundi wa pili alilala chini ya gari kwa dakika mbili tu, akatoka na vidole vilivyojaa grisi nyeusi: raba ilikuwa imepasuka mzunguko mzima. Tofauti kati ya magonjwa hayo mawili si ngumu. Beringi huvuma, haigongi, na mvumo wake huongezeka kadiri gari linavyokimbia hata kwenye barabara iliyonyooka. Kelele zinazotokea gari likipanda tuta au kuingia kwenye shimo, usukani ukiwa umenyooka, nazo mara nyingi ni za bolijointi au bushi. Mwulize fundi amethibitishaje kabla hujafungua pochi.

Uthibitisho wenyewe ni wa macho na mikono. Gari lipandishwe jeki na kuwekewa stendi, usukani ukatwe, na mikunjo ya raba ifunuliwe mmoja mmoja kwa vidole. Grisi iliyorushwa kwenye rimu kwa ndani, kwenye springi au kwenye mpira wa breki ni ushahidi tosha. Kisha shika shafti uizungushe mbele na nyuma huku gurudumu limezuiwa. Ukisikia mgongano wa chuma kwa chuma, chuma kimeshaliwa.

Kwa Land Cruiser za mfululizo wa 70, zinazotengenezwa tangu mwaka 1984 na kupendwa sana na mashirika na wafanyabiashara wa njia za Juba na Beni, usitafute raba. Jointi ya gari lenye ekseli nzima ya mbele imefichwa ndani ya tufe la chuma nyuma ya gurudumu. Dalili yake ni uji mweusi unaochuruzika kwenye tufe hilo: sili ya ndani imekufa, oili ya difu imeingia kwenye grisi na kuiyeyusha. Wengi hupangusa wakaendelea na safari. Gari linalovuja hivyo linakwenda na jointi isiyo na kinga, na difu lililopungukiwa oili.

Kutengeneza, au kubadilisha?

Kama raba imechanika lakini jointi haijaanza kulia, bado kuna nafasi ya kuiokoa. Nati kubwa ya habu hulegezwa gurudumu likiwa bado chini, kisha gari linapandishwa, kalipa ya breki inafunguliwa na kufungwa pembeni kwa waya (isiachwe ikining'inia kwa mpira wake), bolijointi inaachanishwa na shafti inavutwa nje. Weka beseni, kwa kuwa kwenye magari mengi oili ya difu itamwagika. Shafti hubanwa kwenye jiliwa na jointi hugongwa taratibu kwa nyundo laini mpaka iachie klipu yake.

Hatua inayorukwa na gereji nyingi ndiyo muhimu kuliko zote: kuosha jointi kwa mafuta ya taa mpaka chuma kionekane, kuikausha, na kukagua mifereji sita na gololi zake kwenye mwanga. Mifereji ikiwa inang'aa bila shimo, jaza grisi maalumu ya jointi yenye molibdeni, vaa raba mpya, klipu mpya, nati mpya, na kaza kwa kipimo cha mtengenezaji. Ukiona vishimo au ngazi inayoshika ukucha, jointi hiyo imekwisha. Kuijaza grisi nzito kutapunguza kelele kwa muda, na ndiyo hila inayotumiwa na baadhi ya wauzaji wa magari yaliyotumika. Grisi mpya nyingi kwenye raba ya zamani inafaa kumtia mnunuzi wasiwasi.

Ipo njia ya kati ambayo si ya udanganyifu. Gari likienda mbele, gololi husukuma upande mmoja tu wa mfereji. Jointi za nje za kushoto na kulia, kama ni za aina moja, zikibadilishana nafasi, mzigo huhamia upande ambao haujaliwa. Mlio hupungua na mwenye gari hupata muda wa kutafuta pesa. Ni kununua muda, si kutengeneza.

Tuchukue hesabu ya mfano, kwa kuwa bei hutofautiana kwa gari na kwa wiki. Tuseme raba, grisi na ufundi ni shilingi za Uganda 120,000, na jointi nzima pamoja na ufundi ni 450,000. Aliyeahirisha raba amepoteza 330,000. Lakini kama jointi imemwangusha kabla ya Elegu akiwa na nyanya au samaki, aongeze gari la kuvuta, malazi ya watu wawili, na mzigo ulioharibika. Hasara ya siku hiyo moja inaweza kumeza faida ya safari kadhaa.

Kununua Kisekka

Eneo la Kisekka, jirani na Nakivubo, lina jointi za aina tatu: mpya za watengenezaji wenye jina kama NTN ya Japani na GKN iliyoanzia Uingereza, mpya za bei nafuu zisizo na historia, na zilizotumika zilizong'olewa kwenye magari ya Japani. Kwa maoni yetu, jointi iliyotumika ya kiwandani yenye mifereji safi ni afadhali kuliko mpya isiyojulikana, ili mradi muuzaji akubali ifunguliwe na kuoshwa mbele yako. Akikataa, ondoka. Boksi lenye nembo maarufu nalo lisikupumbaze; boksi ni rahisi kuiga kuliko chuma.

Nenda na jointi ya zamani mkononi. Hesabu meno ya ndani na ya nje, linganisha kipenyo cha raba, na angalia kama kuna pete yenye meno ya breki za ABS. Gari la jina moja na mwaka mmoja linaweza kuwa na idadi tofauti ya meno, na jointi isiyo na pete itaingia vizuri kabisa kisha itawasha taa ya ABS.

Kwa wanaonunua Kampala ili wakauze Sudan Kusini, iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, au Congo, iliyojiunga mwaka 2022, lipo kosa linalowagharimu wengi. Utaratibu rahisi wa biashara ndogo mipakani, wa mzigo usiozidi dola 2,000, unahusu bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Jointi ya Japani haigeuki kuwa ya Uganda kwa kuwa imenunuliwa Kisekka, na cheti rahisi cha uasili hakitaisaidia. Ingiza ushuru wa upande wa pili kwenye bei kabla ya kuafikiana na mteja, na tunza risiti na nyaraka za forodha za mzigo huo.

Na kama jointi imevunjika tayari, uko njiani na gari ni Hilux au Land Cruiser ya habu za kufungua: simama, hakikisha usukani unageuka bila kukwama, fungua habu zote mbili na toa fowili. Gari litasukumwa na magurudumu ya nyuma, na unaweza kwenda taratibu hadi mji wa karibu. Usukani ukikwama hata kidogo, usijaribu; subiri gari la kuvuta.