Orodha Iliyofungiwa Ndani ya Sefu: IRS na Siasa za Marekani (Sehemu ya Nne)

Septemba 25, 2025, Rais Donald Trump alitia saini waraka wa usalama wa taifa unaomwelekeza, pamoja na mengine, Kamishna wa IRS, idara ya kodi ya Marekani, ahakikishe hakuna asasi yenye msamaha wa kodi inayofadhili vurugu za kisiasa. Swali ambalo waraka huo umeliibua ni la zamani: je, kiongozi wa Marekani anaruhusiwa kumtuma mtoza kodi kwa mahasimu wake? Sheria inasema hapana. Lakini sheria hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Ilitungwa baada ya marais wa vyama vyote viwili kuigeuza IRS fimbo yao. Kwa hiyo kabla ya kurudi kwenye ofisi ya IRS ya Cincinnati, Ohio, tulikoachia katika sehemu iliyotangulia, naomba tupitie kwanza mwaka 1972, kwa mtumishi wa umma ambaye kwa muda mrefu nimeamini kwamba kila anayekalia kiti katika ofisi ya mapato, popote duniani, anapaswa kumjua. Jina lake ni Johnnie Walters.

Walters alizaliwa South Carolina mwaka 1919, akasomea sheria, akabobea katika kodi. Alikuwa Republican, na Rais Richard Nixon, Republican mwenzake, ndiye aliyemteua kuwa Kamishna wa IRS mwaka 1971. Aliyemtangulia, Randolph Thrower, alikuwa amewakatalia watu wa Ikulu waliotaka kumpachikia watu wao ndani ya idara, akaondolewa. Katika kanda za sauti za Ikulu za Mei 1971, Nixon anasikika akieleza aina ya kamishna anayemtaka: mtu asiye na huruma, atakayefanya anachoambiwa, atakayemletea ritani yoyote ya kodi anayotaka kuiona, na atakayewaandama maadui na kuwaacha marafiki.

Huyo ndiye bosi aliyempa Walters kazi.

Septemba 11, 1972, ikiwa imebaki chini ya miezi miwili kabla ya uchaguzi, mwanasheria wa Ikulu John Dean alimwita Walters ofisini kwake, akamkabidhi orodha. Ndani yake mlikuwa na majina ya mamia ya watu: wafanyakazi wa kampeni ya George McGovern, mgombea wa Democrat, na watu waliomchangia fedha. Dean alitaka IRS iwachunguze, tena kimyakimya. Walters akamwambia hapo hapo kwamba jambo hilo litaleta maafa. Siku mbili baadaye akaipeleka orodha kwa Waziri wa Fedha, George Shultz. Shultz akaitupia macho, akamwambia asifanye lolote. Walters akaitia kwenye bahasha, akaifunga, akaiweka ndani ya sefu ya ofisi yake. Dean alipoulizia kabla ya mwezi kwisha, jibu lilikuwa lile lile. Mwaka 1973 bahasha ikakabidhiwa kwa kamati ya Kongresi inayosimamia masuala ya kodi, na wachunguzi wa kamati hawakupata ushahidi kwamba waliotajwa walisumbuliwa kwa sababu ya kutajwa.

Naomba msomaji asiipite haraka habari hii. Walters hakuitisha waandishi wa habari wala hakujiuzulu kwa kishindo. Alikataa tu kutenda dhuluma, akaenda kwa mkubwa wake, na mkubwa wake naye akakataa. Ingetosha mmoja wao kuogopa. Tumezoea kufundisha maadili ya utumishi wa umma kwa kukariri kanuni zilizobandikwa ukutani. Ningependa mafunzo ya kila ofisa mpya wa kodi yaanze na bahasha hiyo, kwa sababu siku ya kujaribiwa ofisa hatakuwa na muda wa kufungua kitabu cha kanuni. Atakuwa na mkubwa mbele yake na karatasi mkononi.

Haki inanilazimu kuongeza jambo. Wakati Walters akiifungia orodha ile, ndani ya idara yake mwenyewe kilikuwapo kikosi kilichoundwa mwaka 1969 kukusanya habari za watu na vikundi vilivyoonekana na serikali kuwa vya misimamo mikali. Kikosi hicho kilifungua mafaili ya watu 8,585 na asasi 2,873 kabla ya Kamishna Donald Alexander kukivunja Agosti 1973. Na tusidhani ni dhambi ya Republican peke yao. Mwaka 1961, chini ya Rais John Kennedy, IRS ilianzisha mradi wa kukagua asasi za kiitikadi, na waliolengwa zaidi walikuwa vikundi vya mrengo wa kulia vilivyompinga. Kila chama kimeonja utamu wa fimbo hii kikiwa madarakani, na uchungu wake kikiwa nje.

Waliochapwa zaidi, hata hivyo, ni wale ambao hawakuwa na chama chochote cha siasa cha kuwatetea, na waliowachapa hawakuwa IRS pekee: serikali za majimbo nazo zilidai orodha na kuchokonoa ritani. Mwaka 1956 jimbo la Alabama lilikitaka chama cha kutetea haki za Weusi, NAACP, kikabidhi majina ya wanachama wake. Kila mtu alijua majina hayo yangefanyiwa nini: watu wangefukuzwa kazi, na wengine wangechomewa nyumba. Chama kikakataa, kikapigwa faini ya dola 100,000. Juni 30, 1958, Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwa kauli moja kwamba kulazimisha orodha hiyo itolewe ni kuua uhuru wa kujumuika. Kwangu mimi hiyo ni miongoni mwa hukumu bora zilizowahi kuandikwa katika nchi ile, maana majaji walielewa kwamba mtu anaweza kunyamazishwa bila kuguswa, kwa kuandikwa jina tu.

Alabama haikukoma. Februari 1960 Mchungaji Martin Luther King alikamatwa mjini Atlanta kwa hati iliyotoka jimbo hilo, akishtakiwa kwamba alisema uongo chini ya kiapo katika ritani zake za kodi za miaka ya 1956 na 1958. Hoja ya serikali ya jimbo ilikuwa kwamba fedha za harakati zilizopita mikononi mwake zilikuwa mapato yake binafsi. Mei 28, 1960, mjini Montgomery, baraza la wazee wa mahakama la Wazungu watupu lilimwona hana hatia. Watu wengi wanamjua King wa Washington na hotuba yake. Wachache wanajua kwamba miaka mitatu kabla ya hotuba ile alisimama kizimbani kwa sababu ya fomu ya kodi.

Kutokana na uozo huo ndipo sheria zikaja. Julai 1974 kamati ya Baraza la Wawakilishi iliyopendekeza Nixon ashtakiwe iliyaweka matumizi mabaya ya IRS katika shtaka la pili. Mwaka 1976 ikatungwa sheria ya kuzifanya ritani za kodi kuwa siri, hata Ikulu isizichezee. Mwaka 1998 rais, makamu wake na wasaidizi wao wakapigwa marufuku kuiomba IRS, moja kwa moja au kwa kupitia pembeni, imkague mlipakodi fulani au iache kumkagua. Adhabu inafika kifungo cha miaka 5.

Sasa Cincinnati, nayo nitaieleza kwa kifupi kuliko nilivyokusudia. Wasomaji wanakumbuka kwamba baada ya hukumu ya Mahakama ya Juu ya Januari 2010 katika kesi ya Citizens United, iliyolegeza masharti ya fedha katika siasa, maombi ya msamaha wa kodi ya vikundi vyenye harufu ya siasa yaliongezeka, na maofisa wa Ohio wakaanza kuyachambua kwa majina: kikundi chenye neno Tea Party au Patriots, majina ya wahafidhina, kikawekwa kando. Ripoti ya mkaguzi wa Wizara ya Fedha ya Mei 14, 2013, ilipitia maombi 296. Hakuna lililokataliwa. Lakini kufikia Desemba 2012, maombi 160 yalikuwa bado yamekaliwa, mengine kwa zaidi ya siku 1,000. Vikundi 27 vilitakiwa vitaje majina ya wafadhili wao. Vingine viliulizwa kama viongozi wao wana nia ya kugombea. Hiyo ndiyo nenda-rudi tunayoijua Waafrika: huambiwi hapana, unapigwa danadana mpaka uchaguzi upite.

Je, Ikulu ya Obama iliagiza? Wizara ya Sheria ilifunga uchunguzi Oktoba 2015 bila kumshtaki mtu, ikisema iliona uendeshaji mbovu, haikuona jinai. Ripoti nyingine ya mkaguzi, ya Septemba 2017, ilionyesha kwamba vikundi vya mrengo wa kushoto navyo, vyenye majina kama Occupy na Progressive, vilichambuliwa hivyo hivyo. Mwezi uliofuata serikali ikaomba radhi mahakamani na kukubali kulipa dola milioni 3.5 katika kesi ya pamoja ya vikundi vya kihafidhina. Msimamo wangu ni kwamba hapakuwa na njama ya rais. Palikuwa na maofisa waliochukua njia ya mkato na wakubwa waliolala. Lakini kwa mwenye kikundi ambaye faili lake limekaliwa miaka miwili, tofauti hiyo haimsaidii kitu, na waliosema yaliyotokea ni madogo walikosea.

Tukirudi kwa waraka wa Septemba 2025, hautaji jina la mlipakodi yeyote, na hapo ndipo udhaifu wa marufuku ya 1998 ulipo: sheria inalinda aliyetajwa, wala haisemi chochote juu ya agizo la jumla ambalo kila msikilizaji anajua linamlenga nani. Lakini Mei 2, 2025, rais huyo huyo alimtaja mmoja waziwazi alipoandika kwamba Chuo Kikuu cha Harvard kitavuliwa msamaha wa kodi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ni nani ndani ya IRS ya leo ana sefu na ana bosi kama Shultz. Mwaka 2025 pekee kiti cha kamishna kilibadilisha mikono mara kadhaa, na kufikia Agosti kilikuwa kinakaliwa kwa kaimu na Waziri wa Fedha mwenyewe. Ngazi ambayo Walters aliipanda kwenda kutafuta ulinzi ilikuwa haipo tena.

Wakenya hawahitaji kuelezwa sana. Agosti 16, 2017, siku chache baada ya uchaguzi mkuu, maofisa wa mamlaka ya mapato wakiandamana na polisi walifika katika ofisi za asasi ya AfriCOG jijini Nairobi wakiwa na hati ya upekuzi. Kaimu Waziri wa Usalama wa wakati huo, Fred Matiang'i, ndiye aliyesimamisha hatua hizo kwa siku 90.

Mwisho, neno kwa ndugu zetu wanaoendesha jumuiya, misikiti, makanisa na vikundi vya kuzikana huko Marekani. Wenye misikiti na makanisa kwa kawaida hawadaiwi fomu ya mwaka, lakini jumuiya nyingine zenye msamaha wa kodi karibu zote zinadaiwa, hata ndogo kabisa. Asasi isiyowasilisha kwa miaka 3 mfululizo hufutiwa hadhi moja kwa moja, bila barua ya rais wala orodha ya mtu yeyote. Mwulizeni mweka hazina wenu, wiki hii, ni lini mara ya mwisho aliwasilisha fomu hiyo.